Ng'ombe wa Bi. Rukia

Zuhura alinipigia simu asubuhi nikitafuta viatu vya kwendea kazini, akaniambia mama yake ameondoka na wanazika baada ya adhuhuri. Hakulia, nami nikaona haya kulia kabla yake. Nilipoomba ruhusa ofisini, mkubwa wangu aliniuliza huyo marehemu ni nani kwangu. Hakuwa mama yangu, wala shangazi, wala mtu wa dini yangu. Nikasema ni mtu aliyenilisha likizo moja nilipokuwa chuoni, na yule bwana akanitazama kama anayengoja niendelee. Nilivuka mji kwa miguu, nikajitanda leso kwenye kona ya mwisho kabla ya kichochoro, na nilipofika wanaume walikuwa wameshaondoka na jeneza. Wanawake walikuwa juu, katika chumba kile kile cha dirisha la mbao linaloangalia jumba lililokuwa bweni letu. Mkekani, mgongo ukutani, miguu imekunjwa upande, alikuwa Kadzo. Watu hudhani kipofu humtambua mtu kwa hatua zake. Kadzo hakunitambua hata nilipoketi bega kwa bega naye, mpaka nilipomshika mkono nikamwambia ni mimi, Mwende. Akaupapasa mkono wangu hadi kwenye kiwiko. "Umenenepa," akasema. Mara ya mwisho tulipoonana mwanangu wa kwanza alikuwa bado ananyonya, na huyo sasa ananyoa ndevu.

Kwa nini sikurudi bara likizo ile ni habari ya nyumbani kwetu na sitaki kuifungua hapa. Itoshe kwamba wenzangu walifunga mabegi, wakaenda zao kituo cha mabasi wakiimba, nami nikabaki. Chuo kilikuwa kimekodi jumba la ghorofa tatu Mji wa Kale kuwa bweni la wasichana, jumba lenye ngazi za mawe zilizolika katikati na kuta nene zinazotoa jasho. Siku ya kufunga, mzee Charo aliyekuwa mwangalizi wa bweni alibandika tangazo mlangoni. Lilisema chuo kinawajali wanafunzi wake hata wakati wa likizo, na kwamba huduma zote zitaendelea kwa watakaobaki: maktaba, zahanati, ushauri nasaha, msaada kwa wanafunzi wenye mahitaji maalumu, na ukumbi wa burudani. Nakumbuka nililisoma kwa furaha. Kabla ya juma kuisha nilijua kwamba maktaba imefungwa ili ipakwe rangi, kwamba daktari wa zahanati ni yule yule anayefundisha na amekwenda kwao, na kwamba mshauri nasaha alikuwa ameacha mlangoni pake kikaratasi kinachosema "Narudi sasa hivi". Ukumbi wa burudani peke yake ndio ulikuwa wazi kweli, alfajiri mpaka jioni. Ndani yake mlikuwa na meza ya mpira wa meza. Mpira wenyewe haukuwepo.

Tulibaki wawili tu, mimi na Kadzo. Nilikuwa nikimjua kwa mbali, yule msichana wa Kaloleni asiyeona anayesoma sheria, anayecheka kwa sauti kubwa kantini na kuwakemea watu wanaomshika mkono kumvusha barabara bila kumuuliza. Mzee Charo alituhamishia chumba kimoja ghorofa ya kwanza ili yeye asihangaike kupanda kuzima taa za juu, na usiku wa kwanza nilimuuliza Kadzo mbona hakwenda nyumbani. Alinijibu kwa ukali kwamba hakubaki kwa kupenda. Alikuwa ameanguka somo la mikataba, na mtihani wa marudio ulikuwa umewekwa juma la mwisho la likizo. Baada ya huo hapakuwa na mwingine. Ukiuanguka, unatoka chuoni. Na aliuanguka ule wa kwanza, alisema, kwa sababu vitabu vya somo lile vilimfikia katika nukta nundu, yale maandishi anayoyasoma kwa vidole, siku chache tu kabla ya mtihani. Sasa alikuwa na likizo nzima ya kusoma, na hakuwa na kitu cha kusomea. Mashine yake ya kuandikia nukta nundu ilikuwa mali ya chuo, imefungiwa ndani ya ofisi ya wanafunzi wenye mahitaji maalumu. Msomaji aliyelipwa na chuo kumsomea alikuwa naye ni mwanafunzi, kaenda kwao. "Usijali," nilimwambia, kwa ule ujinga wa mtu aliyesoma tangazo. "Kesho tutakwenda kuchukua mashine."

Tulikwenda kesho yake, na kesho kutwa, na siku nyingine nyingi. Ofisi za utawala zilikuwa upande wa Majengo, nasi tulikuwa tukikata vichochoro vya Bondeni Kadzo kanishika kiwiko, nami nimejifunza kutangaza mitaro na mikokoteni. Katibu alikuwa mama mpole kweli, na upole wake ndio uliotumaliza. Angekuwa mkali tungegombana naye. Alitukaribisha benchi, akatuuliza hali, akamsifu Kadzo kwa bidii yake, kisha tukaanza.

"Mwenye ofisi yuko likizo, wanangu."

"Na ufunguo, mama?"

"Ufunguo hukaa naye."

"Je, kuna wa akiba?"

"Upo, lakini umo mle mle ndani."

Ofisi yenyewe ilikuwa na dirisha la kioo upande wa ua. Niliweka uso wangu pale nikaiona mashine juu ya meza, imefunikwa kitambaa cha maua kama cherehani ya mtu anayeitunza. Nikamwambia Kadzo ipo, haijaibiwa. Nilidhani namfariji. Akaniuliza iko mbali kiasi gani na dirisha, nikamwambia ningekuwa na mkono mrefu kidogo ningeigusa. Mpaka leo nikipita penye ofisi iliyofungwa na kuona ndani karatasi, kalamu na kikombe cha mtu aliyekwenda zake, napandwa na hasira nisiyojua niipeleke wapi.

Basi nikawa mimi ndiye msomaji. Nilikuwa nasoma biashara, sheria siijui, lakini macho ninayo. Tulikaa dirishani baada ya saa kumi, jua likishapungua ukali, nami nikasoma kitabu kile kinene cha mikataba kwa sauti, kwanza kwa Kiingereza kama kilivyoandikwa, halafu tukakigeuza kwa Kiswahili maana Kadzo alisema jambo halimkai mpaka aligombanie kwa lugha anayogombania nyumbani. Alikuwa na kibao chake kidogo cha kudunga nukta kwa mkono, kazi ya polepole mno, akaandikia vidokezo tu. Kichochoro kile ni chembamba. Ukinyoosha mkono dirishani na jirani akanyoosha wake, mnapeana chumvi. Siku moja, nimemaliza sura na kukifunga kitabu, sauti ikatoka dirisha la upande wa pili.

"Enyi wasomaji! Sasa huyo ng'ombe mwamuwata wapi?"

Tulishtuka. Kuwata, kwa lugha ya mtaa ule, ni kuacha. Alikuwa mwanamke wa makamo, uso wa mviringo, kanga kichwani, mkononi ana nazi aliyokuwa akiikuna. Kumbe alikuwa akitusikiliza tangu siku ya kwanza. Mwishoni mwa sura ile palikuwa na swali la kujipima, lisilo na jibu kitabuni: mtu amekubali kumuuzia jirani yake ng'ombe mmoja anayemjua, bei wamepatana, mnunuzi akasema atakuja kumchukua Ijumaa. Jumatano radi ikampiga ng'ombe, akafa. Hasara ni ya nani?

"Bado hatujajibu, mama," Kadzo alisema.

"Ng'ombe yuwafa, wenyewe wagombana, na nyinyi mwafunga kitabu mwalala! Nami usiku wangu utapita vipi?"

Kadzo alicheka kile kicheko chake cha kantini, mara ya kwanza tangu chuo kifungwe. Akamwambia jibu analijua, lakini hajibu swali la mtihani kwa mdomo. Atakapopata mashine yake ataliandika vizuri, kisha amsomee. Bi. Rukia, maana ndiye huyo, akasema haya, atangoja.

Mwezi wa Ramadhani ulipoandama, vibanda tulivyokuwa tukinunua mahamri na mbaazi mchana vikafungwa, na jiko la bweni lilikuwa na kufuli tangu zamani. Tulishinda na chai na mkate. Siku ya pili Zuhura, binti wa Bi. Rukia, wakati huo msichana wa shule, alibisha mlangoni kabla ya magharibi na sahani imefunikwa kawa: viazi karai, kaimati, tambi za nazi, na uji wa pilipili manga ndani ya bakuli. Tulikula kama watu waliookolewa. Asubuhi nikaiosha sahani ikang'aa, nikaivusha kichochoro, nikabisha hodi.

"Wabisha kama askari," Bi. Rukia alisema. Akaipokea sahani, akaigeuza, akaitazama chini na juu. "Mwanangu, kwenu bara sahani hurudi hivi hivi?"

Nikasema nimeiosha kwa sabuni. Zuhura alikimbilia jikoni kucheka. Ndipo nilipofundishwa kwamba sahani ya jirani hairudishwi tupu, haidhuru kitu gani, hata ndimu moja, hata chumvi. Nilitaka ardhi inimeze. Nilimweleza ukweli, kwamba hatuna kitu chumbani. Alinitazama kidogo, akaniambia kwa sauti ya chini, kama asiyetaka Zuhura asikie, kwamba tusihangaike. Tumrudishie habari ya yule ng'ombe, na sahani yake itakuwa imejaa.

Kuanzia hapo tukasomea kwake, katika chumba hiki nilichokaa msibani, yeye akichambua mchele sakafuni na kuingilia kati. Kesi zote zilikuwa hadithi kwake. Aliwachukia wauzaji wengi, akawahurumia wadhamini, na mtu mmoja aliyevunja ahadi ya ndoa alimlaani mpaka Kadzo akamkumbusha kwamba ana saumu. Kila tulipoaga aliuliza, "Na ng'ombe?" Kadzo akajibu, "Mashine, Bi. Rukia, nangoja mashine." Ningependa kusema zile zilikuwa siku za furaha, na kwa saa mbili hivi za jioni zilikuwa. Lakini asubuhi ilikuwa ni benchi la Majengo. Tulimwomba katibu atutafutie namba ya simu ya mwenye ofisi. Simu ikaita ndani ya ofisi ile ile, tukaisikia kupitia dirishani. Tulimwendea mkuu mmoja, akatuambia jambo letu ni la maana sana, tuandike barua. Tuliandika. Mzee Charo alijaribu funguo zake zote, za bweni na za kwake nyumbani, akatoka jasho, akatuomba radhi kana kwamba ni yeye aliyekwenda likizo. Hakuna aliyetufukuza popote. Nilikuja kuona kwamba hilo lilikuwa baya zaidi, maana kila mtu alitaka kutusaidia na hakuna aliyeweza, na sisi tukatoka kila mlango tumeshukuru.

Siku ya mtihani tulifika mapema. Ahadi ya mwisho ya katibu ilikuwa kwamba mwenye ofisi amerudi mjini na atakuja mwenyewe na mashine na mtu wa kumsomea Kadzo maswali. Tulingoja kwenye varanda. Wengine waliokuwa na marudio wakaingia, msimamizi akaja, mwanamume kijana mwenye tai, akasema muda umefika. Nilimweleza. Alisikiliza yote, kisha akasema hana maagizo hayo. Nikamwambia basi nitamsomea mimi na nitaandika anachosema.

"Wewe ni nani wake?"

"Rafiki yake. Tumesoma pamoja likizo nzima."

"Basi wewe ndiye usiyeruhusiwa kabisa."

Kadzo akauliza, kwa adabu ambayo haikuwa yake, afanye nini. Yule kijana alibabaika. Namkumbuka alivyokuwa akigusa tai yake. Nadhani hakulala vizuri usiku ule, na sijawahi kumchukia. Akamwambia aingie, aketi, asitoke, asije akahesabiwa hakuhudhuria. Mwenye ofisi akifika watapanga. Akamwekea mezani karatasi ya maswali iliyopigwa chapa na kijitabu cha majibu, kama alivyowawekea wote. Nilibaki nje dirishani. Kadzo aliipitisha mikono juu ya karatasi, upande huu na upande huu, labda akitumaini kukuta nukta. Halafu akaikunja mikono juu yake akakaa wima, uso mbele, mpaka kengele ya mwisho. Nilikimbia ofisini kwa katibu, nikakuta ametoka. Nilikimbia tena dirishani. Sikuwa na kazi nyingine duniani ila kukimbia huku na huku. Mwenye ofisi hakufika.

Tulipofika kwa Bi. Rukia, alitupokea mlangoni. Alitazama nyuso zetu akamwambia Zuhura apunguze moto jikoni. Kadzo alikuwa ametoka na karatasi ya maswali. Akanipa. "Nisomee," akasema. "Nijue nilikuwa nimekalia nini." Nikasoma swali la kwanza. Akalijibu lote, polepole, kwa mpangilio, akitaja kesi moja baada ya nyingine, sauti ile ile ambayo angeitumia mahakamani. Nikasoma la pili. Akalijibu vizuri kuliko la kwanza. Bi. Rukia alikuwa ameacha mchele, machozi yanamshuka bila yeye kuyafuta, na kila jibu lilipoisha anasema, "Umepasi, mwanangu. Umepasi hilo." Nikasoma la tatu. Palikuwa na mtu na farasi badala ya ng'ombe, na mafuriko badala ya radi, lakini lilikuwa lile lile, na Bi. Rukia akapiga paja lake. "Huyu ndiye ng'ombe wetu! Haya, Kadzo, leo lazima niambiwe."

Kadzo akafungua kinywa. Akakifunga. Muadhini akaanza, Zuhura akaleta tende, na Bi. Rukia akamtia Kadzo moja mkononi ingawa hakuwa amefunga. Akaila. Hakulijibu swali lile, wala siku ile wala siku alizobaki pale.

Tulikata rufaa kesho yake. Jibu lilikuja kabla ya juma kuisha, likiwa fupi: mwanafunzi alihudhuria, aliketi hadi mwisho, alirudisha kijitabu kitupu. Angekuwa ametoka, angehesabiwa hakuwapo, na asiyekuwapo kwa sababu nzuri hupewa nafasi nyingine. Aliambiwa asitoke, akatii. Nililisoma jibu lile kwa sauti maana mimi ndiye niliyekuwa msomaji wake, na sijapata kusoma kitu kizito kama kile, ingawa sentensi zake zote zilikuwa nyepesi. Nilimsindikiza hadi kivuko cha Feri, shangazi yake wa Likoni akampokea pale penye wauza njugu, na nikarudi bweni ambako wenzangu walikuwa wameanza kufika na mabegi, wakiniuliza likizo ilikuwaje. Tangazo la mzee Charo lilikuwa bado liko mlangoni.

Kadzo alifundisha shule ya msingi, akaolewa, akazaa, sasa ana simu inayomsomea kila kitu kwa sauti ya haraka ambayo mimi siifuati hata neno moja. Alinionyesha pale msibani kabla ya chakula, akaizima kwa heshima ya marehemu. Nilikuwa nikitaka kumwambia kitu, kwamba kila mwaka likizo kubwa ikifika nautazama mlango wa chuo chetu bila kujua nataka kuufanya nini, lakini Zuhura alikuja na sinia ya wali akaketi nasi, sasa mama mwenye mvi, mviringo ule ule wa uso.

"Nyinyi mulimuacha mama yangu na deni la maneno," akasema, akijaribu kutabasamu. "Mpaka juzi kitandani aniuliza, wale wanafunzi, ng'ombe wao akawa wa nani? Mwaka mmoja wakili alikuja hapa kwa mambo ya nyumba, nikamwambia, mama, muulize huyu bwana. Mama akasema la, ng'ombe si wa huyu bwana. Mwenyewe atakuja kuniambia."

Wanawake wengine walikuwa wakila. Kadzo alikuwa na tonge mkononi, akalirudisha kwenye sinia. 

"Alikuwa wa mnunuzi," akasema. "Walipokubaliana tu, akawa wake. Hata kama hakuwahi kumshika kamba. Radi ilipopiga, ilimpiga ng'ombe wake."

Zuhura alifikiri. "Na yule muuzaji, aliyekuwa bado naye zizini kwake, hana hasara?"

"Hana."

"Maskini ya Mungu. Sasa hiyo ni haki, Kadzo?"

"Sikusema ni haki," Kadzo akasema. "Nimesema ndilo jibu."